Lango Hufunguliwa Saa Kumi

Boti ilikuwa ya watu wanne, na wanne ndio waliopanda. Nahodha aliwapanga mwenyewe kabla ya kufungua kamba, akionyesha kwa kidole kama mtu anayepanga vikombe kabatini.

"Darubini, mbele kushoto. Mpima, mbele kulia, mtazamane. Mimi huku nyuma kwenye injini, mke wangu upande wa pili. Na mtu asihame bila kuniambia. Akihama mmoja, mwingine naye ahame kumsawazisha, la sivyo tutakunywa maji ambayo hatukuyaomba."

"Muacheni," mkewe alisema, akijifunga kitambaa kichwani. "Wiki nzima anaongea na watu waliojazwa pamba mdomoni. Hajazoea kujibiwa."

Nahodha hakuwa nahodha. Alikuwa daktari wa meno aliyenunua boti ndogo ya matembezi, yenye turubai la kuzuia jua na viti vinne vya mito, na tangu siku hiyo hakuitikia jina jingine akiwa mapumzikoni. Mkewe alifundisha kemia. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata mumewe, hata wakigombana. Mwalimu na Darubini walikuwa marafiki tangu kidato cha kwanza, dawati moja, na jina la Darubini lilitokea huko, kwa msichana asiyeamini kitu mpaka akione mara mbili. Jina lilimfuata hadi kazini. Sasa alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini, na kazi yake ilikuwa kutazama damu za watu kutwa nzima na kuandika alichokiona, bila kupunguza wala kuongeza.

Mpima alipima ardhi. Alikuwa mrefu, mpole wa maneno, shingo imekolea jua la viwanjani. Walikuwa pamoja miaka miwili na miezi minne. Leo alivaa shati la buluu ambalo Darubini alimchagulia, limepigwa pasi mpaka katikati ya vifungo. Walikaa wakitazamana, magoti yakikaribia kugusana, na kila boti ilipoyumba yaligusana kweli. Kila yalipogusana, Mpima aliyatazama magoti kwanza, kisha akamtazama yeye, taratibu, kama mtu aliye na muda wote wa dunia.

Darubini aligeuza uso akatazama maji.

Ziwa lilikuwa na sehemu mbili. Ya chini ilikuwa na gati, mikahawa na kelele. Ya juu ilikuwa na utulivu. Kati yake palikuwa na mfereji mwembamba wenye lango la chuma, na kwa kuwa maji ya juu ndiyo yaliyoendesha mitambo ya umeme, mlinzi alilifungua lango mara mbili tu kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Aliyepita saa nne alikuwa huko mpaka saa kumi.

Walipita saa nne na dakika tano. Lango lilipofungwa nyuma yao, Darubini alinyoosha mguu, ukagonga boksi jeupe la keki chini ya kiti.

"Hilo usiliguse, shoga," Mwalimu alisema upesi. "Ni la baadaye." Akamtupia Mpima jicho, akatabasamu. Mpima akapapasa mfuko wa shati lake, kwa ncha za vidole, kama anayehakikisha kuwa moyo bado upo.

Hapo Darubini akaelewa ameletwa kufanya nini. Aligeuka akatazama lango. Lilikuwa limefungwa, na mlinzi alikuwa akirudi kibandani kwake.

Siku ishirini na mbili alikuwa amebeba jambo moja, na alikuwa amepanga kulisema leo hii, jioni, wakishashuka, wawili peke yao ndani ya gari.

Mwezi uliopita Mpima alishikwa na homa. Alikwenda hospitalini, na Darubini ndiye aliyemtoa damu. Kipimo cha malaria kilitoka safi. Kwa utaratibu wa maabara, damu inayobaki hukaa kwenye jokofu siku saba, kisha hutupwa. Siku ya sita Darubini alikitoa kile kichupa, bila ruhusa ya mwenye damu na bila kuandika popote, akaipima ile damu selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli.

Alikuwa na sababu. Mama yake alizaa watoto watatu. Kaka yake Darubini alifariki akiwa na miaka tisa, dada yake akiwa na kumi na minne, wote kwa selimundu. Yeye, wa tatu, alitoka mzima, lakini damu yake ilibeba nusu ya ugonjwa: mwenyewe haumwi, ila akizaa na mtu anayebeba kama yeye, kila mimba ina robo ya kuleta mtoto mgonjwa. Kila Jumapili kwa miaka miwili mama yake alimuuliza neno moja: "Mmepima?" Na kila Jumapili Darubini alijibu kuwa watapima.

Mpima alikuwa anabeba. Darubini alirudia kipimo mara tatu, na mara tatu kilisema vilevile.

Jioni ile mama aliuliza tena. Darubini alitaka kitu kidogo tu, usiku mmoja wa kulala akiwa bado na mchumba. Akasema, "Nimempima, mama. Yuko salama."

Angesema mtu mwingine, mama angedai karatasi. Lakini katika ukoo ule, neno la Darubini kuhusu damu ndilo lililokuwa karatasi. Alipoamka, mama alikuwa ameshampigia simu shangazi aliyemlea Mpima, mama huyo aliyekuwa hajawahi kumpigia mtu simu kabla ya chai. Baada ya wiki wazee walikuwa wamekutana. Uongo wa usiku mmoja ulikuwa umeshapata posa, tarehe na kitambaa cha gauni.

Saa sita Nahodha alizima injini katikati ya ziwa. Palikuwa kimya. Mwalimu alitoa simu, akaielekeza mbele, akajifanya anapiga picha ndege.

"Nilitaka kupiga magoti," Mpima alisema. "Nahodha ameniambia nikipiga tutazama wote."

"Na sitalipa mazishi ya mtu," Nahodha alisema.

"Kwa hiyo nitaomba nikiwa nimekaa." Alitoa pete mfukoni. Haikuwa ndani ya kiboksi. Ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa cha kufutia lenzi ya kifaa chake cha kazi. "Kazi yangu ni kuwaonyesha watu kwao kunaishia wapi. Kwako nimetafuta mwisho miaka miwili, sijauona, na sitaki kuendelea kutafuta. Nataka kukuoa. Naomba unikubalie."

Darubini alimtazama usoni. Aliutazama vizuri uso ule, nyusi, kovu dogo la kidevuni, midomo iliyokuwa tayari kucheka, kwa sababu alijua hautakaa hivi baada ya sekunde moja.

"Hapana," alisema.

Mwalimu aliendelea kurekodi kidogo, kisha simu ikashuka yenyewe mpaka mapajani.

"Amesemaje?" Nahodha aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nyamaza wewe," mkewe alisema.

Mpima hakuirudisha pete mfukoni. Aliishika tu. "Sababu ni ipi?"

"Mama hataki."

"Mama yupi?"

"Wangu."

"Mama yako alinipigia jana saa moja jioni. Aliniita mwanangu. Alilia, mimi nikalia, shangazi akatunyang'anya simu akasema tunamaliza salio." Alisema bila hasira. "Sema nyingine."

Darubini hakuwa na nyingine. Alikuwa mtu wa kweli kwa kazi na kwa tabia. Uongo mmoja ulikuwa umeshamchosha, wa pili haukupata hata miguu ya kusimamia. "Nilikupima," alisema. "Ile damu ya homa, iliyobaki. Nilikuibia. Unabeba selimundu. Mimi pia nabeba. Mama nilimdanganya."

Alitegemea mshangao. Alikuwa amejiandaa kwa mshangao siku ishirini na mbili, amepanga namna ya kumfafanulia polepole, pengine kwa kuchora. Lakini uso wa Mpima haukuonyesha kushangaa. Ulichoonyesha kilikuwa kibaya zaidi, kama mtu aliyeona daraja, akalikanyaga, kumbe ni kivuli.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba nabeba. Nilipimwa nikiwa na miaka kumi na saba, shuleni. Na najua ulinipima. Mama yako aliniambia wiki tatu zilizopita, 'Binti yangu amekupima, uko salama.' Nilikaa kitandani na simu mkononi. Nikasema, hawezi kukosea huyu. Huyu akitazama mara moja hutazama tena. Kwa hiyo ameona. Ameona, na amemwambia mama yake kwamba niko salama." Aliitazama pete. "Nilidhani umenichagua. Nilidhani umepima kila kitu, ukaamua kunichagua hivyo hivyo. Ndiyo maana nimenunua pete."

Nahodha aligeukia injini, akaanza kukagua kitu kisichohitaji kukaguliwa.

"Wiki ya pili tulipojuana," Darubini alisema, "nilikueleza habari za kaka na dada yangu. Nikakuuliza, je, wewe umewahi kupima. Unakumbuka ulinijibu nini?"

"Nakumbuka."

"Ulisema, 'Mimi ni mzima.'"

"Na mimi ni mzima."

"Sikukuuliza kama wewe ni mzima. Nilikuuliza kama umepima." Sauti yake ilianza kukatika. "Mgonjwa akinijibu hivyo kazini, namuuliza tena. Kila siku nauliza tena. Wewe sikukuuliza tena."

"Ungeuliza tena ningekuambia."

"Na ningeondoka."

"Ungeondoka. Basi unajua kwa nini sikusema." Aliinua macho. "Wewe ulimdanganya mama kwa nini?"

"Nilitaka usiku mmoja."

"Mimi nilitaka miaka miwili. Kosa ni lile lile, wewe na mimi tumezidiana siku tu."

Nahodha aliwasha injini. Hakuna aliyemwambia, na hakuna aliyemuuliza wanakwenda wapi. Palikuwa na mahali pamoja tu. Waliifunga boti kwenye nguzo ya saruji mbele ya lango, ikiwa saa saba kasoro, wakasubiri. Mlinzi alitoka kibandani, akawapungia mkono, akaonyesha vidole vyote kumi. Nahodha akamwonyesha dole gumba. Ilikuwa siku nzuri, haina upepo. Boti nyingine ilipita mbali na watu wakiimba.

"Nataka kukaa na rafiki yangu," Mwalimu alisema baada ya muda.

"Basi Mpima aje huku nyuma," Nahodha alisema. "Na mpite mmoja mmoja. Darubini, wewe sogea katikati kidogo umwachie nafasi. Taratibu."

Darubini alisimama. Mpima naye alisimama kupita. Boti iliinama, na Mpima akamshika kiwiko, bila kufikiri, kama alivyomshika mara mia kwenye ngazi, barabarani, mlangoni. Walibaki hivyo, kifua kwa kifua, wakisubiri maji yatulie. Harufu ya sabuni yake ilikuwa ile ile. Darubini alihesabu pumzi nne. Alitaka ya tano. Alikuwa na hakika kwamba kama boti ingeendelea kuyumba hivi, kidogo tu, mpaka wazeeke, asingeomba kitu kingine.

"Imetulia," Nahodha alisema, kwa huzuni, na Mpima akamwachia.

Mwalimu alimkumbatia rafiki yake kwa mkono mmoja, kwa nguvu ya mtu aliyekasirika. "Miaka yote hii, Darubini. Niliiba mtihani nikakuambia. Nilipoteza mimba nikakuambia kabla sijamwambia huyu. Hukuweza kuniambia hili?"

"Ningekuambia, ungeniuliza nitafanya nini."

"Haswa."

"Nilikuwa sijui."

Walikaa. Mayai ya kuchemsha yalibaki kwenye bakuli. Nahodha alimenya moja, akaliangalia, akalirudisha.

"Robo," Mpima alisema kutoka nyuma. Alikuwa akiongea na mgongo wa Darubini. "Maana yake robo tatu hawaumwi. Watu hujenga nyumba kwa uhakika mdogo kuliko huo."

"Mama yangu alipewa robo hiyo hiyo. Alizaa watatu, akazika wawili."

"Hiyo ilikuwa bahati mbaya."

"Robo haina kumbukumbu. Haisemi, huyu nimeshamchukulia wawili, nimwachie. Kila mimba inaanza upya."

"Basi tusizae."

Darubini alilitazama lango.

"Umenisikia? Tusizae. Tutaishi wawili. Tutalea mtoto wa mtu mwingine, tutafuga kuku, sijali."

"Shangazi yako amekulea peke yake miaka ishirini na sita akisubiri mjukuu."

"Shangazi hatalala kitandani petu."

"Atalala," Nahodha alisema bila kukusudia, na mkewe akamtazama, naye akarudi kwenye injini yake.

Saa tisa na nusu Mwalimu alianza kufuta macho kwa ncha ya kitambaa, na Darubini alimjua vizuri kiasi cha kutambua kuwa hilo ni chozi la jambo jingine.

"Nini tena?"

"Wapo gatini," Mwalimu alisema. "Mama yako. Shangazi. Majirani zenu, wale wa kanisani, na fundi wa gauni. Tuliwaambia waje saa kumi na nusu, mkishuka wawapokee. Nimekodi viti. Nisamehe, shoga. Nilidhani ni furaha."

"Wapigie simu."

"Huku simu hazishiki. Nimejaribu tangu saa saba."

Saa kumi kamili lango lilifunguka. Kutoka langoni mpaka gatini ni dakika ishirini, na Nahodha aliziendesha kwa mwendo wa mtu anayepeleka maiti. Walipokata kona, waliona viti vyeupe vya plastiki vimepangwa mistari mitatu, na watu wamesimama, na wa kwanza mbele, mwenye gauni la kijani alilolishona mwenyewe, mama. Aliinua mikono miwili. Vigelegele vikavuka maji.

Mpima aliinama mbele. "Waambie nimekukosea. Waambie nilikuficha jambo hili, ukakataa. Usiseme habari ya mama na ule uongo. Nibebeshe mimi."

"Sitaki kudanganya tena," Darubini alisema. "Hata kwa msaada wako."

Alishuka wa kwanza. Mama alimpokea kwa mikono yote, akamgeuza, akautafuta mkono wa kushoto. "Hebu nione. Lete nione."

"Mama, hakuna kitu."

"Imekuwa kubwa? Pete hupunguzwa, mama."

"Nilikudanganya. Nilimpima na anabeba, kama mimi. Nilikwambia yuko salama na hayuko."

Nyuma vigelegele viliendelea kidogo, kwa waliokuwa mbali, kisha vikafa kimoja kimoja. Shangazi wa Mpima, mwanamke mnene mwenye mkoba mikononi, alisogea.

"Kubeba si kuumwa," alisema. "Nani hapa hana kitu damuni? Watu wanaoana, wanazaa, wengine wanafiwa. Dunia ndivyo ilivyo."

"Dada, subiri," mama alisema. Akamtazama Mpima, aliyekuwa amesimama mwisho wa gati, kamba ya boti ikiwa bado mkononi. "Wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Kabla sijamjua yeye."

Mama alivuta kiti cha mstari wa mbele, akakaa. Alionekana mfupi ghafla. Aligonga kiti cha pembeni kwa kiganja, na Darubini akakaa. Watu wakarudi nyuma, hatua tatu nne, kama wanavyofanya watu wenye adabu ambao bado wanataka kusikia.

"Siku zote nimekuambia tulichelewa kujua," mama alisema. "Mimi na baba yako."

"Ndiyo."

"Hatukuchelewa. Kaka yako alipimwa akiwa na miezi kumi. Daktari alituchorea miraba minne kwenye karatasi, akapaka mmoja rangi nyeusi. Dada yako alikuwa hajazaliwa. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Darubini alisikia kila neno, akaliona moja moja, kama anavyoona chembe juu ya kioo. "Mlijua. Mkaendelea."

"Tulitaka watoto. Sina sababu nyingine ya kukupa. Nimeitafuta maisha yangu yote. Baba yako alisema, mraba mmoja kati ya minne. Tukazaa dada yako. Tukasema tena, mmoja kati ya minne. Tukakuzaa wewe." Alikunja na kukunjua pindo la gauni. "Nikikutazama nasema tulifanya vizuri, Mungu ni shahidi. Nikimkumbuka dada yako akiniomba nimkate miguu ili maumivu yaishe, nasema sisi tulikuwa watu wabaya. Haya mawili nayabeba pamoja, na hakuna siku ambayo jambo moja limeshinda jingine. Kwa hiyo usiniulize mimi. Nikikukataza, ni kama nakuambia usingezaliwa. Nikikuruhusu, sijui kama nitaweza kumshika mtoto mkono hospitalini mara ya tatu. Naona sitaweza."

Hakulia. Mwanawe alilia kwa ajili yao wawili, bila sauti, akiwa amekaa wima.

Mpima alikuja akachuchumaa mbele yao. Sasa aliweza kupiga magoti, ardhi ilikuwa chini yake, lakini hakupiga. "Nilichosema langoni nakirudia mbele ya mama na mbele ya shangazi," alisema. "Tusizae. Nitaandika popote unapotaka."

Shangazi aliukumbatia mkoba wake.

"Nakuamini," Darubini alisema. "Leo nakuamini."

"Basi."

"Nakupenda. Hilo rudia kulipima utakavyo, halitabadilika. Lakini najijua. Kila mwezi nitahesabu siku. Zikizidi mbili nitakuwa nimekwisha. Utanyoosha mkono usiku, na mimi nitaanza kuuogopa mkono wako. Mkono huu." Aliushika, akaugeuza, akakitazama kiganja chake kilichokauka kwa vumbi la viwanja. "Sitaki kuuogopa. Ndiyo kitu pekee nilichonacho ambacho hakijaharibika."

"Tutajifunza."

"Wewe utajifunza. Mimi nitakudanganya kwamba nimejifunza, na wewe utaniambia uko mzima. Tumeshaona tunavyofanya tukiogopa kuachana. Hapana. Nasema mara ya pili, na safari hii unajua sababu yote."

Alikitazama kile kiganja kidogo zaidi, kisha akamrudishia, kama mtu anavyorudisha kitu cha watu.

Mpima alibaki amechuchumaa. "Sawa," alisema mwishowe, na ilikuwa sawa ya mtu aliyepima akakuta mpaka uko pale pale mwenzake alipousema.

Watu waliondoka wawili wawili, wakiaga kwa sauti ndogo. Fundi wa gauni alimshika mama mkono akasema asijali habari ya kitambaa. Shangazi alimwambia Darubini, "Na wewe pole, mwanangu," kwa ugumu, kisha akatembea mpaka kwenye gari, akageuka, akarudi, akamkumbatia, akaenda tena. Mwalimu alimpeleka mama kunywa maji.

Nahodha alisimama katikati ya viti vyeupe, akikuna shingo. "Hivi vinatakiwa vikusanywe kabla ya saa kumi na mbili," alisema, hakumwambia mtu yeyote hasa. "Mwenyewe atapita na gari."

"Nitakusanya," Darubini alisema.

"Nitakusaidia," Mpima alisema.

Nahodha aliwatazama wote wawili, akakumbuka kuwa ameacha kitu kwenye boti.

Vilikuwa viti ishirini na vinne. Walianza mstari wa nyuma, yeye akiinua, Mpima akipachika, kiti juu ya kiti, sita kwa kila rundo. Walikuwa wamehama nyumba pamoja mara moja na walijuana mikono. Hakuna aliyehitaji kusema shika hapa. Mara nne vidole viligusana, na hakuna aliyeviondoa upesi. Kwenye rundo la tatu Mpima alianza kwenda polepole. Darubini aliona, naye akaanza kwenda polepole. Walifuta kila kiti kwa kitambaa, ingawa ni viwili tu vilivyokuwa vimekaliwa. Walinyoosha marundo yaliyokuwa yamenyooka.

Kisha Mpima akaweka kiti cha ishirini na nne, na hawakuwa tena na sababu ya kusimama karibu.